Viatu vya Mbelembele

Kitu cha kwanza nilichopewa Mbelembele ni viatu. Nilifikaje huko siyo habari, kufika kila mtu anafika. Habari ni viatu. Afisa wa mpakani, mama mmoja mnene mpole, alinipima mguu kwa utepe, akaandika namba, akaizidisha kwa kitu alichokiita "matumaini ya taifa," halafu akanitolea jozi ambayo mimi ningelala ndani ya kimoja na mdogo wangu ndani ya kingine.

"Vikubwa," nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, maana sauti niliyonayo ndiyo hiyo.

"Kwa sasa," akanijibu. "Utakua."

Akachukua viatu vyangu vya shule, namba thelathini na saba, akavifunga kwenye mfuko, akanipa kikaratasi. "Utavichukua siku ya kuondoka. Humu ndani kuvaa saizi yako ni kosa."

Nilidhani ananitania. Lakini ukutani nyuma yake palikuwa na ubao wa shaba umeandikwa Sheria ya Kiatu, kifungu cha kwanza: Hakuna mtu atakayevaa ukubwa alio nao. Kifungu cha pili kilisema anayejikwaa asilaumu kiatu. Sikusoma cha tatu kwa sababu foleni nyuma yangu ilikuwa imeanza kujikwaa.

Basi ndivyo walivyo watu wa Mbelembele. Ni wakarimu, wasafi, wanapenda kucheka, na hakuna anayefika popote kwa wakati, maana wote wanaburuta miguu. Mji mzima unasikia shwaa, shwaa, shwaa, kama watu mia wanafagia. Hawasalimiani habari za leo. Wanaulizana, "Habari za kesho?" na jibu lake ni "Kubwa." Nyumba zao zina ngazi za kwenda ghorofa ya saba hata kama ghorofa yenyewe ni moja tu. Ngazi zinapanda, zinapanda, zinaishia hewani, na pale juu kabisa watu wanaanika nguo. Nilipita nje ya shule nikaona watoto wa darasa la kwanza wamekaa kwenye viti vya wazee wa baraza, miguu inaning'inia, mwalimu anawafundisha hotuba ya kustaafu.

Mimi nilipangiwa kukaa kwa Bi Sikitu, mpika vitumbua.

Bi Sikitu ni mama wa makamo, mweusi wa kung'aa, ana mwanya, na akicheka unaona meno yote na unasahau ulikuwa unaona aibu. Alianza na chuma kimoja cha vitumbua, kile chenye vishimo saba, alichoachiwa na mama yake. Siku niliyofika alikuwa na vyuma vinne vinavyochemka kwa pamoja, na wasaidizi watatu. Mmoja wao alikuwa dada anayeitwa Chiriku, na jina lilimkaa sawasawa, maana mdomo wake haukufungwa isipokuwa anapoonja. Wateja walipanga foleni dirishani tangu alfajiri. Vitumbua vyenyewe, sijui nisemeje. Nje vina ukingo mkavu kidogo, ndani laini, iliki inakuja nyuma pole pole. Nilikula kumi na moja nikaona haya kuomba cha kumi na mbili.

"Shikamoo, Bi Sikitu," nilimwambia asubuhi ya pili, nikamkuta ameshika barua, hacheki.

"Marahaba, mwanangu. Njoo unisomee tena hapa. Labda macho yangu yanasoma vibaya."

Barua ilitoka Jumba la Kesho, ofisi kubwa kuliko zote nchini. Ilisema: kwa kuwa biashara yako imefikisha vyuma vinne, sasa inahesabika kuwa biashara inayokua. Kila inayokua lazima iape mtambo, yaani iapie kutumia mtambo mkubwa wa kesho, mbele ya Baraza ndani ya siku kumi. Isipoapa, vyombo vyake vitatundikwa ukutani.

"Ukutani wapi?" nikauliza.

"Ukutani kwao," akasema Chiriku, huku anageuza vitumbua kwa kijiti bila kuviangalia. "Ukiingia pale unaona ukuta mzima. Chanuo la msusi fulani. Patasi ya fundi Haji. Chujio la tui la shoga yangu. Wameandika chini yake, Walikataa Kukua."

Bi Sikitu alikishika kile chuma cha mama yake, cha kwanza, kilichochakaa hadi vishimo vimekuwa na sura ya vidole.

"Si uchague tu mtambo?" nikamwambia baadaye.

"Nikachague mimi? Mwenye biashara haruhusiwi kusema barazani, Salha. Wanasema mwenyewe anajua ya leo tu, kwa hiyo maneno yake yana uchafu wa leo. Lazima anisemee Mjuzi wa Mbali."

"Ndiyo nani huyo?"

Bi Sikitu na Chiriku wakatazamana. Halafu wote wawili wakanitazama mimi.

Niliomba iwe mtu mwingine. Niliomba sana. Darasani kwetu mimi ni yule anayejua jibu lakini anaangalia dawati. Mwalimu akiuliza swali mimi nafunga kamba za viatu. Lakini kule waliitana hadi afisa wa Jumba la Kesho akaja nyumbani na fomu yake, akaketi, akaanza kunihoji.

"Unatoka mbali kiasi gani?"

"Sijui ni kiasi gani."

"Hajui!" Akaandika kwa furaha. "Basi ni mbali sana. Unajua kupika vitumbua?"

"Hapana. Mimi nakula tu."

"Umewahi kuendesha biashara?"

"Hapana."

"Biashara hii unaijua?"

"Tangu juzi."

Hapo akasita, akaniangalia juu ya miwani. "Juzi ni karibu mno. Ila tutasamehe." Akapiga mhuri. Nikawa Mjuzi wa Mbali wa vitumbua, mwenye miaka kumi na tano, nimevaa viatu vya jitu.

Sasa nilikuwa na siku tisa. Nikikosea, chuma cha marehemu mama yake Bi Sikitu kitatundikwa ukutani.

Nilianza kwa kwenda kuangalia walioapa kabla yetu. Jirani wa kulia ni Mzee Machano, fundi cherehani, mtu mzima mwenye utepe shingoni usiotoka hata akila. Miaka mitatu nyuma Mjuzi wake wa Mbali alimchagulia mtambo mrefu kama kabati tano, unaojua kukata suti mia mbili kwa siku.

"Shikamoo, mzee. Umekata suti ngapi?"

"Marahaba. Suti?" Akacheka kikohozi. "Mtambo haupendi vumbi, binti yangu. Likiingia vumbi unazima. Kwa hiyo naushonea mashuka ya kuufunika. Shuka likichakaa nashona lingine. Mwaka huu nimeshona mashuka tu. Ila mazuri, angalia pindo hilo."

Nikaangalia. Pindo lilikuwa zuri kweli.

"Na wateja wako?"

"Wamo humo." Akagonga ubavu wa mtambo. "Majina yao, vipimo vyao, mabega yao, kila kitu nilikiingiza humo siku ya kwanza. Daftari langu walilichoma, walisema ni la jana. Na neno la kuufungua analo yule bwana aliyeuleta. Nikitaka kujua kiuno cha mteja wangu mwenyewe, namwandikia yeye barua. Ananijibu akipata nafasi."

"Kwa nini usimwombe akupe hilo neno?"

"Niliomba. Alisema nikikua."

Mzee Machano ana miaka sabini na mbili.

Nikarudi kwa Bi Sikitu nikakaa kwenye kigoda nyuma ya dirisha. Sikuwa na mpango wowote, nisiseme uongo. Ni kwamba mtu mwenye haya akiwa hajui la kufanya anakaa pembeni na kuangalia, na hilo nalijua vizuri. Niliangalia siku nne. Nikaona vyuma havikosi kasi, kitumbua kinaiva kwa dakika zilezile alizozitumia mama yake. Nikaona wasaidizi hawakosi mikono. Nikaona wateja wanapita, kila mmoja anaagiza huku anatembea, shwaa shwaa, "Chiriku, mia kwa ajili ya Jumamosi!" "Chiriku, vyangu usitie iliki!" "Chiriku dada, nyumba ya kijani, siyo ile ya juzi, ile nyingine!" Na Chiriku anajibu, "Nimeshika, nimeshika!" Alishika wapi? Kichwani. Oda zote za biashara nzima zilikaa kichwa cha Chiriku, pamoja na umbea wa mtaa.

Ikaja Ijumaa. Ijumaa hiyo kulikuwa na harusi nyumba moja na msiba nyumba nyingine. Harusi waliagiza vitumbua vya zabibu, na kadi. Msiba waliagiza vyeupe visivyo na kitu, na kadi.

Saa nne asubuhi nyumba ya msiba ilipokea sinia tatu za vitumbua vya zabibu, zimefungwa utepe mwekundu, juu yake kadi: Hongereni sana, na mwaka ujao mtuite tena.

Bibi harusi alipata kadi ya Poleni, Ni Njia Yetu Sote.

Sitasahau Bi Sikitu anakimbia kati ya nyumba mbili ndani ya viatu vile, shwaa-papa-shwaa, amebeba sinia kichwani, analia na kuomba radhi kote kuwili. Aliporudi alikaa chini sakafuni. Chiriku naye alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Mimi ndiyo wa kulaumiwa," akasema hatimaye. "Kichwa kimejaa, Bi Sikitu. Zamani zilikuwa oda kumi. Sasa hata ndotoni naota majina ya watu."

"Huna kosa, mwanangu. Mimi ndiye niliyekupa mzigo bila kata ya kichwani."

Nami pale kwenye kigoda changu nilikuwa nimeona. Nilijua. Ila kujua siyo tabu yangu, tabu yangu ni kusema.

Siku ya Baraza ikafika.

Jumba la Kesho lina mlango wenye upana wa kupitisha meli, ili siku moja ikija meli isisumbuke. Ndani kuna kambi mbili. Kuna Kambi ya Miaka Kumi na Kambi ya Miaka Ishirini, na hazisalimiani. Ya kumi inasema biashara inunue mtambo wa ukubwa itakaokuwa nao baada ya miaka kumi. Ya ishirini inasema hao ni waoga. Nilitafuta Kambi ya Ijumaa sikuiona.

Aliyeongoza ni Bwana Tarajio, Mkadiriaji Mkuu wa Kesho. Ni mrefu, mpole, mwenye viatu ambavyo vilikuwa na watu wawili wa kuvisukuma kwa nyuma anapotembea. Pembeni yake ukuta ule. Niliona chanuo. Niliona patasi. Palikuwa na msumari mmoja mpya, mtupu, na Bi Sikitu naye aliuona, maana alikikumbatia chuma chake kifuani kama mtoto.

"Mbele yenu," akasema Bwana Tarajio, "kuna mitambo mitatu. Wa kwanza unakaanga vitumbua elfu kumi kwa saa. Unahitaji nyumba yake."

Makofi.

"Wa pili unaitwa Jicho. Haukaangi kitu. Unachora picha ya wateja watakaokuwepo mwaka wa kumi na tano, na watapenda ladha gani."

"Mwaka wa ishirini na tano!" akapiga kelele mtu wa kambi nyingine.

"Kaa chini wewe, hata leo hujaila vizuri!"

"Unasema leo ndani ya Jumba hili?"

Ilibidi wapigiwe kengele. Mtambo wa tatu uliitwa Msemaji, na waliuwasha tuuone. Mama mmoja akajitolea kuwa mteja, akauambia, "Nataka vitumbua vinne." Msemaji ukajibu kwa sauti tamu kama halua: "Ombi lako ni la thamani kwetu. Tafadhali endelea kusubiri." Akasubiri. Ukarudia. Nilipoondoka Mbelembele nilisikia mama huyo bado yupo kwenye foleni, anasema unamheshimu sana.

"Sasa," akasema Bwana Tarajio, "Mjuzi wa Mbali asimame atueleze."

Nikasimama. Ukumbi wote ukageuka. Nikatazama sakafu. Dakika ikapita. Nikasikia karani ananong'ona huku anaandika, "Mjuzi anatafakari." Ya pili ikapita. "Mjuzi anatafakari kwa kina." Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa heshima. Mmoja wa Kambi ya Ishirini akafuta machozi.

"Sijawahi kuona hekima ya namna hii," akasema Bwana Tarajio taratibu. "Wajuzi wengine walituchosha kwa maneno. Huyu amepima, ameona maneno hayatoshi. Kwa desturi yetu, Mjuzi akinyamaza maana yake ameukubali mtambo mkubwa kuliko yote. Karani, andika. Wa elfu kumi. Vyombo vya zamani vipokelewe, maana aliyeapa haendi kesho na chombo cha jana."

Mzee mmoja akaja na nyundo ndogo, akanyoosha mkono kwa Bi Sikitu kuchukua chuma.

Bi Sikitu haruhusiwi kusema. Aliniangalia tu. Sikuona lawama machoni mwake, na hilo ndilo lililonichoma. Aliniangalia kama mtu anayemwambia mtoto wa mwenzake, basi mwanangu, usijali, umejitahidi.

Nikataka kwenda mbele. Viatu vikakataa, nikajikwaa, nikakumbuka anayejikwaa asilaumu kiatu. Nikavilaumu. Nikatoa miguu, nikaviacha palepale katikati ya ukumbi kama mitumbwi miwili imekwama, nikatembea peku. Sakafu ilikuwa baridi. Nilishangaa jinsi nilivyofika haraka, na nadhani wao walishangaa zaidi, maana hakuna aliyewahi kuona mtu anavuka ukumbi ule kabla ya saa ya chakula.

Nikasimama mbele ya Bi Sikitu. Sikuweza kuangalia Baraza, kwa hiyo nikamwangalia yeye peke yake, kama tuko dukani.

"Bi Sikitu," nikasema. "Ijumaa kiliharibika nini?"

Ukumbi ukalipuka. "Mwenyewe hasemi! Mwenyewe hasemi!" Bwana Tarajio akaita sheria. Wakaleta kitabu, wakakifungua watu wanne, wakapekua. Mwenye biashara hatashauri, kipo. Hatapendekeza, kipo. Hataomba, kipo. Wakapekua mpaka jalada la nyuma.

"Hakuna kifungu," akasema karani, "kinachomkataza kujibu."

"Haiwezekani. Kwa nini hakipo?"

"Mheshimiwa... nadhani hakuna Mjuzi aliyewahi kuuliza."

Kisha Bi Sikitu akafungua mdomo, na mwanamke huyo alikuwa na maneno ya miaka mingi. Akaeleza msiba na harusi. Alipofika kwenye kadi ya Hongereni mtu mmoja nyuma akacheka, akazibwa mdomo, wakacheka wengine, mwishoni hata wasukuma viatu wa Bwana Tarajio walikuwa wanajifuta macho. Akaeleza kichwa cha Chiriku. Akaeleza kwamba mchele wa vitumbua unaloweshwa siku moja kabla, na kwamba asipojua kesho vinatakiwa vingapi, analowesha kwa kubahatisha, siku nyingine unabaki unachacha, siku nyingine unaisha watu wako mlangoni.

"Basi huu wa elfu kumi utakusaidia," akasema Bwana Tarajio.

Hapa nikajibu mimi. Sijui ilitoka wapi.

"Mheshimiwa, mtambo huu ungepeleka msibani vitumbua vya zabibu elfu kumi. Kwa saa moja."

Karani akaacha kuandika.

"Kinachoumwa siyo kukaanga," nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa ileile ndogo, ila ukumbi ulikuwa umetulia kiasi kwamba ilitosha. "Ni kukumbuka. Anataka ubao na chaki, pale dirishani. Jina, vingapi, vya aina gani, nyumba gani, siku gani. Mteja anaona mwenyewe kilichoandikwa, kama siyo anasema hapohapo. Jioni wanajumlisha, wanajua mchele wa kulowesha. Na kuna simu ndogo ya batani niliyoiona imefungiwa kabatini kwake, itolewe, wale wa mbali wapige, Chiriku aandike. Basi."

"Ubao!" mtu wa Kambi ya Kumi akashika kichwa. "Na mwakani? Oda zikizidi ubao?"

"Zikizidi tutaona zinazidi wapi."

"Na ukikua?" Bwana Tarajio hakuniuliza mimi, alimuuliza Bi Sikitu, na nadhani kwa mara ya kwanza alitaka kujua kweli.

Bi Sikitu akaangalia miguu yake iliyopotea ndani ya viatu.

"Nikikua, Mheshimiwa, nitanunua kiatu kingine."

Walijadiliana hadi jua likageuka. Hawakuweza kukubali, maana ingekuwa kukubali leo. Hawakuweza kukataa, maana kifungu hakikuwepo. Mwishowe wakatoa Ijumaa tatu za majaribio. Msumari ukabaki mtupu, ila haukung'olewa.

Ubao aliutengeneza Mzee Machano kutoka mlango wa kabati moja la mtambo wake, akaupaka rangi nyeusi. Alikuja kila siku kuutazama.

"Na neno la kuufungua huu," akaniuliza, "analo nani?"

"Mwenye chaki, mzee."

Akaenda nyumbani anatikisa kichwa. Kesho yake nilimwona ameketi na daftari jipya, anapima mabega ya mpita njia bure, kwa furaha tu.

Ijumaa ya kwanza mteja mmoja aliegemea ubao akaondoka na nusu ya oda mgongoni mwa kanzu. Ilibidi Chiriku amkimbilie amsome. Tukauinua ubao juu kidogo. Ijumaa ya pili tulikosea oda moja tu, ya mama mkwe wake Chiriku.

"Bahati mbaya," akasema Chiriku.

"Lakini imeandikwa hapa vizuri kabisa," nikamwambia.

"Nimesema bahati mbaya, Mjuzi wa Mbali. Usipekue sana."

Ijumaa ya tatu kulikuwa na harusi mbili, hitima moja na ugeni wa shule. Kila sinia ilikwenda kwake. Mchele ulibaki konzi moja, tukapikia uji. Chiriku alianza tena kuimba huku anageuza, na akasema ameota ndoto isiyo na jina la mtu hata mmoja, ameota ng'ombe.

Wakaguzi wa Jumba la Kesho walikuja na fomu. Swali la kwanza: Mtambo wenu una ukubwa gani? Bi Sikitu akanyoosha mikono, "Huku hivi, na huku hivi." Waliandika, wakafuta, wakaandika. Hawakujua ubao wauingize daftari gani. Mwisho walifungua daftari jipya, wakaliacha bila jina juu. Halafu mmoja wao akaagiza vitumbua vinane na akasimama kuhakikisha ameandikwa.

Aliyekuja mwisho ni Bwana Tarajio, jioni, tulipokuwa tunafunga. Hakuwa na wasukuma viatu. Viatu vyenyewe alivibana kwapani kama mtu aliyebeba magodoro mawili, na miguu yake ilikuwa mitupu, midogo, myeupe kwa kukosa jua. Akakaribia dirisha, akaangalia kulia na kushoto.

"Habari za kesho, Bwana Tarajio?" akamsalimia Chiriku, makusudi.

Yule bwana akakohoa.

"Nipe sita," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, ndogo kuliko hata yangu: "Za leo."

Chiriku akaandika ubaoni, tena kwa herufi kubwa: Tarajio, sita, leo. Yule bwana akausoma mstari wake mara mbili, akala vitumbua vyake amesimama hapohapo, cha moto kikimuunguza ulimi na asijali. Kabla ya kuondoka akampa Bi Sikitu kitu kimefungwa kwenye leso. Ulikuwa msumari.

Kesho yake niliaga. Bi Sikitu na Chiriku walinisindikiza mpakani, na nikwambie, tulifika mapema, kwa sababu Bi Sikitu alikuwa amevaa ndala zinazomtosha. Yule afisa mnene alijifanya anaangalia pembeni. Nikampa kikaratasi changu, akanirudishia mfuko, nikatoa viatu vyangu vya shule, namba thelathini na saba. Niliviona vitamu sana. Nikaingiza mguu.

Haukuingia vizuri. Nikasukuma. Kidole gumba kilikuwa kimegusa mbele kabisa, kimekunja shingo. Wiki tano nilizunguka ndani ya viatu vya jitu, na katika upana wote ule sikupata kujua kwamba mguu umekua.

"Vinabana," nikasema.

Afisa akaruka kwa furaha, akashika utepe wake, akaanza kuhesabu matumaini ya taifa. Bi Sikitu akamshika mkono taratibu, akachuchumaa mbele yangu, akabonyeza ncha ya kiatu kwa dole gumba, kama anavyobonyeza kitumbua kujua kama kimeiva.

"Ehee," akasema. "Hapa ndipo panapobana. Ukifika kwenu mwambie mama akununulie namba thelathini na nane."

"Siyo arobaini?" akauliza Chiriku, anacheka.

"Thelathini na nane," akasema Bi Sikitu.